Kazi Yangu Ilikuwa Kufa kwa Sauti

Vijana wangu, niliwahi kuamini kwa moyo wote kwamba maikrofoni inasikia rangi ya ngozi. Si maikrofoni yoyote. Zile za kushika mkononi, za kanisani na harusini, hazina habari. Nasema zile kubwa za studio, za Kijerumani, zinazoning'inia kama popo mbele ya uso wako. Niliambiwa kwamba sauti ya mtu mweusi ikipita ndani ya chuma kile huacha kivuli, na kivuli hicho ukikiweka kwenye mdomo wa Mzungu wa kwenye skrini, kinakataa kushika. Mdomo unakwenda huku, sauti inakwenda kule, na Ubelgiji nzima inaamka na maumivu ya kichwa.

Aliyeniambia ni Tonton Dieudonné, mtu wa Likasi kule kwetu Kongo, ambaye zamani alisoma tangazo moja la sabuni redioni na tangu siku hiyo akawa daktari wa mambo yote ya sauti. Tulikuwa saluni kwa mke wangu, barabara ya Chaussée de Wavre, hapa Brussels.

"Ule micro si kintu ya kuchezea," aliniambia, uso wote povu la kunyolea. "Ba-Allemands balifanya hesabu. Sauti yetu iko nzito, iko na kivuli. Donc ukisema, ile kivuli inabakia mu film."

"Na nikilia tu, Tonton? Nikipiga kelele?"

Alifikiri kidogo. "Kelele haina kivuli. Kelele njo ya bantu bote."

Basi nikaamini. Na ninyi msicheke bado, kwa sababu kila nilichokiona baadaye kazini kilikubaliana na maneno yale.

Mimi ni mtu wa masomo ya jioni. Alfajiri nilisafisha ofisi jirani na Porte de Namur, na jioni nilikwenda chuo cha sanaa cha komyuni, yaani cha manispaa, darasa la usemaji, mimi na wake wawili wa madaktari na mzee mmoja wa posta, tukikariri hotuba mpaka madirisha yakatikisika. Nilihitimu. Siku niliyopewa cheti changu Matonge nzima, mtaa wetu Wakongo, ilisimama, magari yalipiga honi, na nasikia hata jumba la mfalme waliuliza kelele ile ni ya nini. Mke wangu Astride alikitundika cheti saluni juu ya draya, mahali ambapo kila mteja aliyekaa chini yake kuchomwa kichwa hakuwa na jambo lingine la kusoma.

Kwa cheti hicho nikaingia studio ya kuingiza sauti. Wasioijua kazi hii niwaeleze: filamu inakuja kutoka Uingereza, watu wake wanasema Kiingereza, na Mbelgiji wa Kifaransa anataka wamsemeshe Kifaransa akiwa amekaa sebuleni kwake na supu yake. Kwa hiyo sisi tunasimama gizani, nyuma ya bomba la chuma linalofika kifuani, tunatazama skrini, na chini ya skrini kuna utepe wenye maneno unaokimbia kutoka kulia kwenda kushoto. Kuna mstari mmoja mwekundu uliosimama wima. Neno likigusa mstari, unalisema. Likishapita, limekwenda, usilifukuze. Siku yangu ya kwanza nililifukuza neno moja mpaka nikalikuta katikati ya sentensi ya mtu mwingine, askari wa Kiingereza akajikuta akimjibu mke wake kabla hajaulizwa.

Aliyeniokoa siku ile ni Madame Josiane. Huyu alikuwa mama wa Kibelgiji wa mtaa wa Koekelberg, amepita sitini, nyonga moja mbovu, kifua kilichojaa moshi wa sigara, na kazi yake ilikuwa watoto wa kiume. Ndiyo. Kila mtoto mtundu wa miaka minane mliyemsikia kwenye televisheni wakati ule, alikuwa ni bibi yule ameegemea bomba na fimbo yake. Mwenzetu mmoja mwembamba kama unyoya alikuwa sauti ya mabondia. Mwingine, mwenye kigugumizi mtaani, alikuwa sauti ya mawakili, na mbele ya utepe hakukwama hata mara moja.

"Usisome maneno, mdogo wangu," Josiane aliniambia. "Soma midomo. Midomo ya mtu ikikutana pale juu, na wewe lazima uwe na b, au p, au m. Ukimpa herufi ya koo wakati midomo imefungwa, mtazamaji hajui kilichomkera, lakini anakereka. Anabadilisha stesheni."

Shikeni hilo. Ni la bure, na mimi nililisotea.

Sasa, mimi sikupewa midomo. Nilipewa vifo.

Msidhani kufa ni kazi ndogo. Mtu anayeanza, ukimwambia amechomwa kisu, anapiga kelele. Mjinga huyo. Aliyechomwa kisu kwanza anashangaa: anavuta pumzi ndani, fupi, kama aliyeingia bafuni akakuta maji baridi. Kelele huja baadaye, kama inakuja. Anayenyongwa hatumii koo kabisa. Rudisha ulimi nyuma, ziba, halafu sukuma kutoka tumboni, na hakikisha hukukaza shingo, la sivyo wiki nzima utaongea kama mlango usiotiwa mafuta. Sumu huanzia chini. Kunywa maji, bakiza kidogo kooni. Anayeanguka ghorofani usipunguze sauti, geuza kichwa polepole uiache maikrofoni nyuma yako. Na vifo vyote viwekwe mwisho wa kazi, baada ya mazungumzo, kwa sababu ukishakufa vizuri huna sauti ya kitu kingine. Mimi kwa kuwa sikuwa na mazungumzo, niliweza kufa tangu asubuhi.

Usivae nailoni. Niliwahi kuuawa nikiwa na koti jipya la mvua, na kila nilipotaabika koti lilisema kuliko mimi. Fundi mitambo akauliza kama marehemu amefungwa kwenye mfuko wa viazi. Kula tofaa la kijani kabla ya kuingia, linafuta ule mlio wa mate mdomoni. Na usije na njaa. Nilikuwa maiti mezani kwa daktari wa polisi, kimya kitakatifu, maafisa wawili wanazungumza juu yangu kwa huzuni, tumbo langu likanguruma kama lori la mgodi likipanda kilima. Mwongozaji alisimamisha kazi. "Maiti ana njaa," alisema. Walicheka mpaka wakashika ukuta. Nami nilicheka, tena nadhani niliwashinda wote.

Niliua nafasi zote za kufa zilizokuwapo Brussels. Nilikufa wenye benki, mapadri, walinzi, mabaharia, bwana mmoja tajiri mwenye farasi. Karibu wote Wazungu. Mnaona? Mwili wa Mzungu ulikubali nife ndani yake bila shida yoyote. Ni kuongea tu ndiko haukukubali. Nami kichwani nilikuwa na jibu tayari: kelele haina kivuli. Daktari wa sabuni alikuwa amesema.

Lakini nyumbani jibu hilo halikutosha. Astride alikuwa amewaambia wateja wake wote kwamba mumewe ni mwigizaji.

"Acteur gani hatusikiaka?" aliuliza mama mmoja huku anasukwa. "Anasemaka lini?"

"Hasemake. Anakufaka."

"Kila siku?"

"Kila siku, maman. Na jioni anarudia kula."

Saluni nzima ilikufa kwa kicheko, na mimi nimesimama mlangoni na mfuko wa mkate. Astride aliniona. Hakucheka, alichukua kitana akaendelea na kazi. Usiku ule aliniambia neno moja tu: "Miye ninataka nikusikie ukisema. Mara moja tu. Sentensi nzima, na bantu basikie." Tangu siku hiyo, hilo ndilo likawa haja yangu duniani. Sikutaka gari wala nyumba. Nilitaka mtu mzima aliye hai, mwenye midomo, aseme kwa sauti yangu mbele ya mke wangu.

Nafasi ikaja kwa njia ya tamthilia moja ya Kiingereza, ya upelelezi, miaka ile ya elfu mbili ilipokuwa inakwisha na ya kumi inaanza. Ilikuwa ya ajabu kidogo. Katika mtaa mmoja wa London watu wanauawa, na kila mauaji yanafanana na mauaji ya kale, ya enzi za taa za mafuta: pazia lile lile, fundo la kamba lile lile, mkate wenye sumu uliowekwa kwenye mlango ule ule. Maafisa vijana wanakimbizana na magari na kompyuta na hawapati kitu. Kila wakikwama wanakwenda kwa mzee mmoja, mlinzi wa makumbusho ya mahakama ya zamani, anayekaa chini ya ngazi na chupa yake ya chai, na mzee anawasimulia walichofanya watu wa kale. Hapo ndipo kesi inafunguka.

Ilikuwa na vifo vingi mno. Kwangu ilikuwa sikukuu. Kila sehemu nilikufa mara mbili: mara ya kwanza zamani, kwenye picha za kahawia, na mara ya pili leo, kwa njia ile ile. Niliwaambia wenzangu kwamba hakuna mtu Ulaya aliyewahi kuuawa na muuaji wa zamani na mwigaji wake wa leo, akalipwa vifo vyote viwili.

Sauti ya mzee wa makumbusho ilikuwa ya bwana mmoja wa jukwaani, mtu mwenye kofia. Basi katikati ya kazi koo likamshika, homa, hawezi kutoa hata "a". Siku ya kurushwa imekaribia, fundi anataka kupanga muziki chini ya maneno, na maneno hayapo. Mwongozaji akaangaza macho gizani, akaniona mimi nimemaliza kunyongwa nakunywa maji.

"Wewe. Simama hapo umwekee mzee sauti ya muda, fundi apate kufanya kazi. Usijitaabishe, soma tu."

Usijitaabishe! Mimi, mwenye cheti juu ya draya!

Ilikuwa ile hotuba ndefu. Afisa kijana anamwambia mzee kwamba muuaji huyu ni mpya, hajawahi kuonekana. Mzee anamimina chai. Anamwambia hapana, mwanangu, hajabuni kitu. Anasema watu wakiona uovu fulani ulifanywa zamani na hakuna aliyeulizwa, wanautunza kama fundi cherehani anavyotunza karatasi ya kukatia nguo. Siku wakiutaka, wanaitandaza tena juu ya kitambaa kipya.

Niliegemea bomba. Nikamkumbuka marehemu baba yangu. Kambini kwetu Katanga, mgodi ulikuwa unaonyesha filamu Jumapili uwanjani, filamu za Kifaransa, na baba ndiye aliyesimama kando ya pazia akiwafasiria wachimbaji kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti. Watu walimpenda kuliko filamu yenyewe. Lakini alikuwa na mpaka: mbio, ngumi na farasi ni zake. Wakifika mahali ambapo padri au kapteni wa kwenye filamu anatoa maneno mazito, baba anakaa chini, Padri wa kambi, Mzungu, anasimama kuyafasiri kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, hakuna anayeelewa. Tulimwuliza baba kwa nini. Alituambia kile kipaza sauti kimezoea koo la Padri, ukikibadilishia mtu kwenye maneno mazito kinaharibika. Mimi nilikuwa mtoto, niliona ni jambo la akili. Siku ile studio nilicheka peke yangu nikikumbuka Kiswahili cha Padri, na kicheko kile kikaniachia kifua wazi. Nikaanza.

Sikuutazama utepe, vijana. Niliutazama mdomo wa yule mzee wa Kiingereza. Ulipofungwa nilifunga, aliposita kutafuta kijiko nilisita. Nilipofika kwenye karatasi ya fundi cherehani nilisikia nyuma yangu hakuna anayekohoa, na kule ndani watu wote walikuwa wanakohoa kutwa. Ikaisha. Fundi mitambo nyuma ya kioo alivua hedifoni akaziweka mezani taratibu, kama mtu anavyoweka mtoto aliyelala. Josiane aligonga sakafu kwa fimbo yake.

"Hapo," alisema. "Huyo ndiye mzee. Yule mwenye kofia alikuwa anaigiza kofia."

Mwongozaji alikuwa anatazama karatasi zake. "Nzuri," alisema. "Nzuri sana. Tutaona."

Nilitembea kutoka studio mpaka nyumbani kwa miguu, na nadhani miguu haikugusa chini mahali popote. Nilimweleza Astride. Alinitaka niseme hotuba yote pale pale, jikoni, naye amesimama na mwiko. Kesho yake mtaa mzima ulijua. Wauza vitenge walijua, wa ofisi za kutuma pesa walijua, hata Mtanzania mmoja wa ubalozini aliyekuja kukata nywele alisema atawapigia wenzake. Mimi nilijaribu kusema "bado haijathibitishwa", lakini nilisema kwa sauti ndogo sana. Niwe mkweli: sikutaka wanisikie.

Jioni ya kurushwa, saluni ilijaa. Kuna waliokaa juu ya beseni za kuoshea nywele. Kuna dada aliyekuwa amesukwa upande mmoja tu, akakataa kuendelea mpaka filamu iishe. Tonton Dieudonné alikaa kwenye kiti cha kinyozi, amekizungusha kuelekea televisheni. Astride alivaa kitenge alichovaa ubatizo wa mtoto wetu.

Ikaanza. Mtaa wenye ukungu, bwana mmoja na mwavuli, kivuli kikamtokea nyuma, na kamba. Nilijitambua tangu pumzi ya kwanza.

"Njo yeye!" Astride alipiga kelele. "Njo yeye anakufa!"

"Anakufa muzuri!" alisema dada wa nusu kichwa.

"Ah, tonton, weye iko fort!" mwingine aliniambia.

Makofi. Vigelegele kama harusini, mpaka wapita njia wakachungulia dirishani kuona nani anaoa. Bwana wa mwavuli akalala chini na Matonge nzima ikimshangilia.

"Bon, munyamaze," Astride alisema. "Sasa njo anasema."

Ngazi. Mlango. Mzee wa makumbusho anamimina chai. Anainua uso. Anafungua mdomo.

Ilikuwa sauti ya yule mwenye kofia. Amepona.

 Mzee aliendelea na fundi cherehani wake na karatasi yake, kila neno nalijua, na kila neno lilitoka kwa mtu mwingine, vizuri tu, kwa ufundi, bila kukosea mdomo hata mmoja. Nilitaka akosee. Hakukosea.

"Pengine njo mara ya pili atasema," alisema dada wa nusu kichwa, polepole.

"Muache," alisema mama mwingine.

Tonton Dieudonné alikizungusha kiti chake akanitazama kwa huruma ya mtu aliyesoma. "Nilikuambia. Micro."

Na hapo, vijana, nilishika jibu lile kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Nilisimama mbele ya watu wote nikawaeleza. Kivuli, chuma cha Ujerumani, hesabu, yote. Nilieleza kwa usemaji wa chuo cha jioni, mikono ikiruka. Nikasema hotuba yangu ilikuwa nzuri kupita kiasi ndiyo maana kivuli kilikuwa kirefu kupita kiasi. Wakacheka kidogo. Mambo yakawa si mazito tena. Astride peke yake alikuwa ameshika kitana bila kusuka.

"Sasa ile micro," aliuliza, "iko na macho?"

Nilimwambia haelewi mambo ya ufundi.

Siku iliyofuata nilimwuliza mwongozaji, kwa heshima, kama mtu anayeuliza saa. Alisema kulikuwa na tatizo la kiufundi. La kiufundi! Nilikaribia kumkumbatia. Josiane alikuwa karibu na mlango, anatafuta kitu ndani ya mkoba wake, na alikitafuta muda mrefu sana.

Tangu hapo nilipambana na kivuli changu kama mwendawazimu. Nilinywa malimau mpaka nafikiri Hispania waliomba msaada. Nilisukutua maji ya chumvi. Nilisimama nusu hatua nyuma ya alama, nikageuza bega, nikafunika kifua kwa shali ya hariri ya Astride ili uzito upungue. Nilirekodi sauti yangu nyumbani kwa kaseti na kuisikiliza gizani nikitafuta kivuli kiko herufi ipi. Nilidhani kiko kwenye r. Nikaanza kuongea bila r, hata sokoni. Muuza samaki alinihurumia akaniongezea kichwa kimoja.

Kundi moja la tamthilia za jukwaani liliwahi kunialika. Mtu wao alinisikia mahali, akataka niwe baba wa familia, kwenye ukumbi halisi, nikiwa na uso wangu mwenyewe. Niliuliza kama kutakuwa na maikrofoni. Walisema mbili tatu, juu ya jukwaa. Nikawaambia nina mafua. Waliponipigia tena baada ya wiki kadhaa nikawaambia mafua bado. Hawakupiga tena.

Nami nikaendelea kufa. Studio zikabadilika: bomba la chuma liliondolewa, hatusimami tena pamoja, kila mtu anaingia kibandani peke yake na kutoka bila kumwona aliyemuua. Utepe ukawa wa kompyuta. Sasa mashine inaweza kuvuta neno lako likaukuta mdomo hata ukichelewa, na nasikia nyingine inaweza kujitungia sauti bila mtu. Vijana mnaniuliza kama kazi hii ina maisha. Sijui. Najua tu kwamba hakuna mashine iliyowahi kuumwa na njaa ikiwa maiti, na hilo nalichukulia kama heshima yangu ndogo. Sehemu zile za tamthilia ya London zilipokwisha zikaja nyingine, na nyingine, na katika miaka yote hiyo sikusema sentensi kamili ya mtu aliye hai. Niliwahi kupewa "Hapana!" na "Nani huyo?" Zote mbili kabla ya kufa.

Astride hakuniuliza tena. Alipohamisha saluni kwenye chumba kikubwa zaidi, cheti hakikupata ukuta. Hakukitupa. Aliniambia tu kuta mpya ni za vigae, msumari hauingii.

Nikastaafu. Mwaka ule ule nilikwenda kumtembelea Josiane kwake Koekelberg, ghorofa ya pili, dirisha moja limejaa kuba ya basilika mpaka hakuna nafasi ya mbingu. Alikuwa hatoki tena, nyonga zote mbili zimekataa. Nilimpelekea biskuti. Tukakumbushana maiti mwenye njaa, koti la nailoni, yule mwenye kofia, Mungu amrehemu. Alicheka kwa ile sauti ya mtoto wa miaka minane, machozi yakamtoka.

Nikaona nimalizie kwa hadithi yangu iliyo bora kuliko zote. Nikamsimulia kivuli. Sijawahi kuisimulia vizuri vile: nilimfanya Tonton na povu lake, nikafanya malimau, shali, muuza samaki, nikaongea bila r. Nikangoja acheke.

Hakucheka. Aliweka kikombe chini, akavuta blanketi juu ya magoti.

"Wewe uliamini hivyo?" aliuliza. "Miaka yote?"

"Ndiyo, Madame. Si wao wenyewe walisema ni tatizo la kiufundi?"

Alitazama mikono yake.

"Hakukuwa na tatizo lolote. Maikrofoni haijui ngozi ya mtu. Sauti yako ilikuwa imeshachanganywa na muziki, imekamilika, tayari kwenda. Mwongozaji akasema hataki Mwafrika aseme maneno ya yule mzee, kwamba wewe vifo vinakutosha, akangoja mwenye kofia apone. Alisema mbele yetu sote. Mimi nilikuwepo. Hakuna aliyemjibu."